Wagiriki na Refa wa Kutoka Nje

Tarehe 5 Julai 2015 Wagiriki waliulizwa kama wanakubali masharti ya wakopeshaji wao wa Ulaya, na asilimia 61.3 ya waliopiga kura wakajibu hapana. Benki zilikuwa zimefungwa kwa wiki nzima. Kwenye mashine za kutolea fedha mtu aliruhusiwa kuchukua euro 60 tu kwa siku, na wastaafu walipanga foleni tangu alfajiri kungoja sehemu ya pensheni yao. Wachambuzi wengi wa nje walikwisha kuihesabu Ugiriki kuwa imetoka katika sarafu ya pamoja. Kilichobaki, kwa maoni yao, ni kuchapa noti mpya za drakma. Siku nane baadaye Waziri Mkuu Alexis Tsipras alikubali mkopo wa tatu, wa hadi euro bilioni 86, kwa masharti makali kuliko yale ambayo wananchi wake walikuwa wameyakataa. Tarehe 20 Septemba wapiga kura hao hao walirudi vituoni. Chama kipya cha Laiki Enotita, kilichoongozwa na Panagiotis Lafazanis na kilichotamka bila kuficha kwamba nchi inaweza kurudi kwenye drakma, kilipata asilimia 2.86, chini ya ile asilimia 3 inayohitajika ili kuingia bungeni. Tsipras, aliyesaini alichotumwa asisaini, akashinda tena.

Huko Ulaya ya kaskazini jambo hili lilielezwa kwa wepesi mno. Ilisemwa kwamba Wagiriki wanataka raha za euro bila gharama zake, kwamba ni watu wanaokwepa kodi mchana na kuandamana jioni, na kwamba senti wanayomficha mtoza kodi wanaipeleka uwanjani kushangilia Olympiacos au Panathinaikos. Picha hiyo ina chembe za ukweli, na ndiyo maana imedumu. Kosa lake ni kuyachukua mambo matatu, yaani mapenzi ya euro, ukwepaji wa kodi na ushabiki wa klabu, kama tabia tatu za watu wasiojua wanachotaka. Mimi naona ni jambo moja. Mgiriki wa kawaida haiamini serikali yake. Uaminifu wake ameuweka kwa familia, kwa kijiji alichotoka na kwa klabu ya mtaa wake, na pale anapohitaji mtu wa kuamua kwa haki baina yake na wenzake, historia imemfundisha kumtafuta nje ya mipaka. Euro aliing'ang'ania hasa kwa sababu hakuna waziri wa Athens anayeweza kuichapisha.

Ukitaka kuelewa hofu hiyo, itazame drakma yenyewe jinsi ilivyoishi. Wakati wa ukaliaji wa Wajerumani, baada ya njaa ya majira ya baridi ya 1941 na 1942 iliyoua watu kwa maelfu mitaani Athens, bei zilipanda hadi ikachapwa noti ya drakma bilioni 100. Novemba 1944 drakma mpya ilibadilishwa kwa drakma bilioni 50 za zamani. Mwaka 1953 waziri Spyros Markezinis aliipunguza thamani kwa nusu dhidi ya dola. Serikali ikaipunguza tena mwaka 1983, na tena 1985, safari zote mbili kwa takribani asilimia 15, na kufikia mwaka 1990 mfumuko wa bei ulikuwa unakaribia au kupita asilimia 20. Kila mara waliosema hatua hiyo ni ya lazima walikuwa na hoja zao za kitabuni. Na kila mara aliyeumia ni yule yule: mwalimu, nesi, mstaafu, mwenye akiba ndogo benki. Mwenye dola zake Geneva au meli yake inayolipwa kwa dola London aliamka akiwa tajiri zaidi kuliko alivyolala. Drakma 340.75 zilipobadilishwa kwa euro moja, watu hao wa chini waliona mkono uliozoea kuingia mfukoni mwao usiku umefungwa kamba.

Wako wachumi wenye heshima zao walioshikilia kwamba Ugiriki ingetoka ingepona haraka zaidi, na hoja yao haistahili kupuuzwa. Nchi yenye sarafu yake hushusha thamani, bidhaa zake zikawa rahisi nje, watalii wakamiminika, na baada ya mwaka mmoja au miwili ya maumivu viwanda vikaanza kuajiri. Argentina baada ya 2001 ilitajwa kama mfano. Isitoshe, gharama ya kubaki ilikuwa ya kutisha: pato la taifa lilipungua kwa robo nzima, ukosefu wa ajira ukafika asilimia 27 mwaka 2013, vijana wakakaribia asilimia 60, na mamia ya maelfu ya watu, wengi wao wasomi, wakaondoka kwenda Ujerumani, Uingereza na kwingineko. Hata Wolfgang Schäuble, waziri wa fedha wa Ujerumani, alipendekeza Julai 2015 kwamba Ugiriki itoke kwa miaka mitano ipumzike. Jibu la kiuchumi lipo: nchi ilikuwa inaagiza mafuta na dawa kwa fedha za kigeni, madeni yake yalikuwa ya euro na yangebaki ya euro, na ushushaji thamani wa miaka ya 1980 haukuiletea viwanda vya maana. Lakini jibu lililonigusa zaidi ni la wananchi wenyewe. Kura za maoni katika miaka hiyo yote mibaya zilionyesha kuwa Wagiriki kama saba kati ya kumi, mara nyingine zaidi, walitaka kubaki na euro. Watu waliopoteza theluthi ya mishahara yao, na ambao mtoto wao alikuwa anaosha vyombo Stuttgart, bado walisema hivyo.

Utaambiwa kwamba hiyo ni hofu tu ya kupoteza akiba. Ndiyo, ni hofu. Kati ya mwisho wa 2009 na Juni 2012 amana katika benki za Ugiriki zilishuka kutoka takribani euro bilioni 237 hadi karibu bilioni 150, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilihamishwa nje au ilikwenda kukaa chini ya magodoro na ndani ya makabati. Ila mtu aulize: walikuwa wanamhofia nani? Waliyemhofia si mlanguzi wa fedha wa New York. Walimhofia mtu watakayempigia kura wao wenyewe, ambaye siku moja ya Ijumaa jioni angetangaza kwamba kuanzia Jumatatu euro zao ni drakma. Anayeogopa hivyo hawezi kuitwa mjinga wa uchumi. Anajua uchumi wa nchi yake kuliko profesa wa mbali.

Na sasa kodi. Kabla ya mgogoro wa madeni, katika vitongoji vya matajiri kaskazini mwa Athens, wenye nyumba waliotangaza kuwa na bwawa la kuogelea walikuwa 324. Maofisa walipotazama picha za setilaiti wakahesabu mabwawa 16,974. Takwimu hiyo ilizunguka dunia nzima na ikawa kichekesho, ingawa ya maana zaidi ni kazi ya wachumi watatu, Nikolaos Artavanis, Adair Morse na Margarita Tsoutsoura. Hawa walichukua rekodi za mikopo ya benki moja kubwa ya Ugiriki. Waligundua kwamba watu waliojiajiri walikuwa wanalipa marejesho ya mkopo yanayomeza karibu mapato yao yote waliyoyatangaza kwa mamlaka ya kodi. Benki, ambayo haipendi kupoteza fedha, ilikuwa inajua mapato yao ya kweli na inawakopesha kwa kipimo hicho. Kwa hesabu ya wachumi hao, mapato yaliyofichwa na waliojiajiri mwaka 2009 peke yake hayakupungua euro bilioni 28. Vinara walikuwa madaktari, wahandisi, wanasheria, walimu wa masomo ya ziada na, bila haya, wahasibu.

Hapa ndipo hoja ya damu na utamaduni inapoanguka. Mgiriki aliyeajiriwa, ambaye kodi yake inakatwa kabla hajaiona, alilipa kama Mjerumani. Mstaafu alilipa. Waliokwepa ni wale walioweza, na Ugiriki ina watu wengi wanaoweza: karibu theluthi ya wafanyakazi wake wamejiajiri, sehemu kubwa kuliko karibu nchi zote za Umoja wa Ulaya. Mwaka 2012, katika kisiwa cha Hydra, wakaguzi walipomkamata mtu wa mgahawa mmoja kwa kutotoa risiti, wakazi walikizingira kituo cha polisi na askari wa kutuliza ghasia wakaletwa kwa boti kutoka bara. Ukisoma habari hiyo peke yake utasema hawa ni maharamia. Lakini mwenye mgahawa wa Hydra alikuwa na macho. Alijua kwamba anapompeleka mama yake hospitali ya umma ataandaa bahasha ya daktari wa upasuaji. Alijua pia jinsi ofisi za kodi zinavyofanya kazi. Diomidis Spinellis, aliyekuwa mkuu wa mifumo ya habari katika wizara ya fedha hadi 2011, aliueleza hadharani utaratibu ulioitwa nne-nne-mbili, kama mpangilio wa wachezaji uwanjani: katika faini ya euro 10,000, elfu 4 anasamehewa mkosaji, elfu 4 anachukua mkaguzi, na elfu 2 inakwenda kwa taifa. Mtu anayeishi chini ya utaratibu huo akilipa kodi yake yote, majirani humwona mpumbavu kabla ya kumwona raia mwema.

Juu ya mwenye mgahawa wapo wakubwa, na hao hawahitaji hata kukwepa. Wagiriki wanamiliki takribani sehemu moja ya tano ya uwezo wa meli za mizigo duniani. Katiba ya 1975, katika ibara ya 107, inazipa ulinzi wa pekee sheria za mwaka 1953 za kuvutia mitaji kutoka nje, na wenye meli wamekuwa wakilipa kwa tani za meli zao na si kwa faida. Kodi ya tani ipo katika nchi nyingi za bahari, ni kweli, lakini si nchi nyingi zilizoifungia ndani ya katiba ambapo bunge la kawaida haliwezi kuigusa. Kisha ikaja orodha ya akaunti karibu 2,000 za Wagiriki katika benki ya HSBC Geneva, aliyoikabidhi Christine Lagarde mwaka 2010 akiwa waziri wa fedha wa Ufaransa. Kwa miaka miwili hakuna kilichofanyika. Mwandishi Kostas Vaxevanis alipoichapisha Oktoba 2012 katika jarida lake la Hot Doc, aliyekamatwa na kufikishwa mahakamani haraka alikuwa yeye, ingawa aliachiwa huru. Waziri wa zamani Giorgos Papakonstantinou alitiwa hatiani mwaka 2015 kwa kuichezea orodha, majina ya ndugu zake yakiwa yameondolewa, akapewa kifungo cha nje cha mwaka mmoja. Na Andreas Georgiou, mkuu wa takwimu aliyeletwa 2010 kutoa hesabu za kweli za nakisi ya bajeti, alishtakiwa miaka na miaka na akahukumiwa kifungo cha nje kwa kutuma takwimu hizo Ulaya bila kwanza kuzipigisha kura kwenye bodi yake. Nakisi ipigiwe kura! Katika nchi kama hiyo, anayetaka hesabu isichezewe atamtafuta wapi mhesabu?

Tuingie uwanjani, maana huko ndiko jambo hili linaonekana bila pazia. Mwaka 2012 ulikuwa mwaka mbaya kuliko yote: chaguzi mbili ndani ya wiki sita, wakopeshaji binafsi wakilazimishwa kusamehe zaidi ya nusu ya thamani ya hati zao za deni, watu wakitafuta chakula majaani. Mwaka huo huo Panathinaikos, klabu iliyocheza fainali ya Kombe la Ulaya 1971 pale Wembley dhidi ya Ajax, ilikuwa hoi kwa madeni. Ukaanzishwa umoja wa wanachama, na maelfu ya mashabiki wakatoa fedha zao mfukoni kununua sehemu ya klabu. Hakuna aliyewafuata na kitabu cha faini. Huko kwenye madaraja ya wachezaji wa ridhaa, ambako wadhamini walikuwa wametoweka, klabu ya Voukefalas ya Larissa ilikubali jezi zilizolipiwa na danguro, na Palaiopyrgos ikavaa nembo ya wazika maiti. Ilimradi timu icheze. Basi watu hawa si wachoyo, na hawakosi moyo wa kuchangia kitu cha pamoja. Wanachangia pale wanapokiona kitu chenyewe na wanapomjua anayeshika sanduku.

Lakini anayeshika sanduku la klabu ni nani? Olympiacos ya Piraeus iko chini ya Evangelos Marinakis, mwenye meli, ambaye tangu 2017 anamiliki pia magazeti makongwe ya Ta Nea na To Vima. Panathinaikos iko chini ya Giannis Alafouzos, wa familia ya wenye meli iliyo pia na televisheni ya Skai na gazeti la Kathimerini. AEK, iliyoanzishwa 1924 na wakimbizi wa Kigiriki kutoka Constantinople, ilianguka hadi daraja la tatu mwaka 2013 ikaokolewa na Dimitris Melissanidis, tajiri wa mafuta na meli. PAOK ya Thessaloniki, nayo ya wakimbizi, ilinunuliwa 2012 na Ivan Savvidis, aliyetajirikia tumbaku nchini Urusi, na baadaye akanunua kituo cha televisheni. Mwaka 2014 Savvidis alilipa zaidi ya euro milioni 10 ambazo PAOK ilikuwa inadaiwa na serikali, na mashabiki wakamshangilia kama mfadhili. Hapo pana somo zima la siasa ya Ugiriki. Kodi iliyokuwa haki ya umma ilipolipwa ilipokelewa kama zawadi ya mkubwa kwa watu wake. Shabiki hakukosea sana: kwa uzoefu wake serikali haimpi chochote, na mkubwa angalau anampa ubingwa.

Shida ya mpango huo ni kwamba wakubwa wanapogongana hakuna wa kuwaamua. Mwaka 2011 polisi walifichua upangaji wa matokeo kwa kunasa simu, na klabu za Kavala na Olympiacos Volos zikaondolewa ligi kuu. Tarehe 11 Machi 2018, PAOK ilipokataliwa goli la dakika za mwisho dhidi ya AEK, Savvidis aliingia uwanjani na walinzi wake, bastola ikiwa kiunoni. Ligi ikasimamishwa, na Herbert Hübel, aliyetumwa na FIFA kusimamia mpira wa huko, akaonya kwamba Ugiriki iko ukingoni mwa kufukuzwa kwenye soka la kimataifa, akitumia neno lile lile la Grexit lililotumika kwa euro. Januari 2020 tume huru ilipendekeza PAOK na klabu ya Xanthi zishushwe daraja kwa kukiuka sheria ya umiliki. Serikali ya Kyriakos Mitsotakis, iliyokuwa na miezi sita tu madarakani na kura nyingi za kaskazini, ilikimbilia bungeni na marekebisho: adhabu ya kushushwa daraja ikageuzwa kuwa kukatwa pointi, mchezo ukiwa unaendelea. Mwezi uliofuata rais wa UEFA, Aleksander Čeferin, alikuja Athens kutia saini makubaliano ya kulisafisha soka la nchi. Katika miaka hiyo waamuzi wa kigeni walizoeleka katika mechi kubwa, na idara yenyewe ya waamuzi ilipewa wageni, kwanza Mreno Vítor Melo Pereira, kisha Mwingereza Mark Clattenburg.

Kinachonishangaza ni jinsi mashabiki walivyolipokea jambo hilo. Watu wenye fahari kama Wagiriki, waliotwaa ubingwa wa Ulaya Lisbon mwaka 2004, wangetarajiwa kuona aibu kwamba hawawezi kuamua derby yao wenyewe. Badala yake klabu zenyewe ndizo zilizodai mwamuzi wa nje, hasa zinapokwenda ugenini. Mpolandi au Mhispania anaweza kukosea, shabiki atamtukana vilevile, lakini hatamtuhumu kwamba shemeji yake anafanya kazi kwa mwenye timu. Benki Kuu ya Ulaya pale Frankfurt ilikuwa na kazi hiyo hiyo kwa mwenye akiba. (Hata ule ubingwa wa 2004, wapo Wagiriki wanaosema nusu kwa mzaha, uliwezekana kwa kuwa kocha Otto Rehhagel alikuwa Mjerumani asiye wa kundi la mtu yeyote.)

Mtu anaweza kunipinga hapa kwa nguvu, na ana haki. Refa wa nje si malaika. Mkopo wa kwanza wa 2010, wa euro bilioni 110, uliyaokoa pia mabenki ya Ufaransa na Ujerumani yaliyokuwa yameshika hati za Ugiriki. Shirika la Fedha la Kimataifa lilikiri mwaka 2013 kwamba lilikadiria vibaya maumivu ambayo ubanaji wa matumizi ungeuletea uchumi. Kodi zilipandishwa bila kuangalia nani atazilipa: VAT ikafika asilimia 24, kodi ya nyumba ikapachikwa kwenye bili ya umeme ili asiyelipa akatiwe, na wafanyabiashara wadogo wakahamishia kampuni zao Bulgaria na Cyprus. Wakopeshaji waliotaka kukomesha ukwepaji waliulisha. Kwa hiyo sidai kwamba Brussels au Frankfurt walistahili imani waliyopewa. Nadai tu kwamba Mgiriki aliwalinganisha na Athens akachagua baya dogo, na kwamba kura zile mbili za 2015 zinaeleweka hivyo. Julai alimkatalia refa uonevu. Septemba alikataa mechi ichezwe bila refa.

Ushahidi bora kwamba ukwepaji haumo katika damu umepatikana baadaye, na ulianza kwa bahati. Benki zilipofungwa 2015, watu wasio na noti wakalazimika kutumia kadi, na kadi huacha alama. Makusanyo ya VAT yakaanza kupata nafuu. Serikali ikaifuata njia hiyo: ikalazimisha wafanyabiashara na wataalamu kuwa na mashine za kadi, ikaanzisha bahati nasibu ya kila mwezi ambapo watu 1,000 waliolipa kwa kadi walipata euro 1,000 kila mmoja, na tarehe 1 Januari 2017 ikaunda mamlaka huru ya mapato ambayo waziri hawezi kuipigia simu kumwombea rafiki, au angalau hatakiwi kuweza. Kisha mashine za risiti zikaunganishwa moja kwa moja na mashine za kadi na kompyuta za mamlaka hiyo, na Desemba 2023 ikapitishwa sheria ya kumkadiria aliyejiajiri mapato ya chini kabisa, ambayo madereva wa teksi waliigomea. Mwaka 2024 bajeti, ukitoa riba za madeni, ilikuwa na ziada ya asilimia 4.8 ya pato la taifa. Ni Wagiriki wale wale, na visiwa ni vile vile.

Imani yenyewe hata hivyo bado haijarudi, na sababu zipo. Februari 2023 treni mbili ziligongana Tempi, watu 57 wakafa, kwenye reli ambayo mfumo wa kisasa wa kuongozea treni ulikuwa umelipiwa na haujakamilika, na maandamano yaliyofuata yalikuwa makubwa kuliko mengi ya wakati wa mgogoro. Mwaka 2025 ikawekwa wazi kashfa ya OPEKEPE, wakala wa ruzuku za wakulima: watu walilipwa fedha za Ulaya kwa malisho wasiyoyamiliki. Aliyeipeleka mbele kesi hiyo ni Ofisi ya Mwendesha Mashtaka wa Ulaya. Serikali nayo, katika kutafuta dawa, iliamua kazi za wakala huo zihamishiwe kwa ile mamlaka huru ya mapato. Chombo pekee cha ndani kilichoonekana kuaminika ni kile kilichojengwa mbali na mkono wa waziri.

Habari hizi zinatuhusu Afrika Mashariki kwa sababu ya karatasi iliyotiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013, ya kuunda sarafu moja ya Jumuiya. Tarehe ya kwanza ilikuwa 2024. Sasa inatajwa 2031. Masharti yake yanafanana na yale ambayo Ugiriki iliyakubali na kuyapindisha: nakisi isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, akiba ya fedha za kigeni ya kutosha miezi minne na nusu ya uagizaji. Mijadala yetu hupenda kuuliza kama uchumi wa Burundi na wa Kenya unalingana. Swali hilo ni halali, lakini Ugiriki inatulazimisha kuuliza jingine kwanza: nani atakayezikagua hesabu za kila nchi, nani atamlinda mtakwimu atakayesema nakisi imezidi, na atalipwa mshahara na nani ili asiogope kupoteza kazi? Wabunge wa Jumuiya kule Arusha wanapaswa kuwa na majibu ya maandishi kwa maswali hayo kabla noti ya kwanza haijachapwa, na wananchi wana haki ya kuyadai kuanzia sasa.